Papa wa Uani Kwetu Mandewa

Nilipoolewa Mandewa nilikuwa sijaiona bahari. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, na maji ya chumvi niliyoyajua yalikuwa ya ziwa Singidani. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa mjini. Mama yake, mzaliwa wa Tanga, alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe, na baridi ya Singida ikamvimbisha miguu. Akasema dawa yake ni maji ya bahari. Basi mwanawe mwingine, shemeji yangu, dereva wa lori la mizigo, kila akitoka pwani alituletea mapipa mawili matatu, tukayamimina kwenye birika la saruji lililokuwa uani. Jioni Mama alikaa ukingoni akatumbukiza miguu.

Safari moja shemeji alileta pia vifuko vya kahawia, vigumu kama ngozi iliyokauka, vyenye nyuzi pembeni. Wavuvi walivikuta vimenasa wavuni. Nilidhani ni matunda.

"Mayai ya papa haya," Mama alisema. Aliinua kimoja juani, nikaona ndani kitu chembamba kikijipinda. "Papa wa mwambani, hawawi wakubwa. Tuwaweke."

Kazi ikaniangukia mimi. Asubuhi na jioni nilichota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Jua likiyapunguza, Mama aliyaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaniambia niongeze maji ya mvua kiasi gani. Vifuko vikapasuka kimoja kimoja, wakatoka papa wembamba wenye mistari. Wengine walikufa, wawili wakaishi. Niliwalisha vipande vya perege, kwanza kwa kijiti, baadaye kwa mkono, meno yao yakinikwaruza kama msasa.

Habari ikaenea. Balozi wetu wa nyumba kumi akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Watu wanasema hapa mnafuga samaki wanaokula watoto."

Mama akamwambia atie mkono majini. Balozi akakunja shati hadi kiwikoni, akasita, akatia kidole kimoja. Papa mmoja akaja, akakinusa, akageuka akaenda zake. Balozi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapata wazo: kijiji cha ujamaa walikohamia ndugu zake kilikuwa kinachimba bwawa. Tukiwapa papa, watu watapata kitoweo.

"Watakufa," Mama alisema. "Hata Singidani watakufa. Chumvi ya ziwa si ya bahari."

"Basi wabaki kwenu," alisema, na tangu hapo kila mgeni wake alimleta awaone.

Walipokua, siku moja nilikuta dume amemng'ata jike pezi, hamwachii. Nikakimbilia ufagio niwatenganishe.

"We mwali, waache!" Mama alinipigia kelele kutoka barazani. "Wanaoana!"

Nilirudisha ufagio nimeinamisha uso, naye alicheka mpaka akafuta machozi. Baada ya muda jike akataga vifuko viwili, nyuzi zake zimejizungusha kwenye jiwe. Mama alinishika mkono, tukatazama.

Kisha dizeli ikaadimika. Safari za lori zikapungua, na maji yasiyobadilishwa yakaanza kunuka. Shemeji alipopata mzigo wa kwenda Tanga, bila uhakika wa safari nyingine, Mama akaamua papa na mayai yao warudi kwao.

"Na wewe Mama, si uende nao?" nilimuuliza tukiwatia kwenye pipa. Sikutaka aende, ila miguu yake ilinitia huruma.

"Mimi nina wewe hapa. Wao hawana mtu."

Shemeji alirudi kwa basi, lori limebaki Tanga kwa kukosa dizeli, naye amechoka. Tulimpa chai kwanza, ndipo akaeleza. Jike alikufa kabla ya kufika Morogoro. Dume alifika hoi. Ilibidi amshikilie majini hadi mkia ulipoanza kupiga. Mayai aliyafunga mwambani, kama alivyoelekezwa.

"Alielekea wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye kina."

Mama akamwongezea chai.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama ugali umeiva, maana mwanawe ana njaa.