Mgongo wa Picha ya Mvua

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha ramani pale Dodoma, Karani Mkuu hakuniuliza jina. Aliniambia ninyooshe mikono, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, kisha akasema, "Vidole vikavu. Vizuri. Mwenye jasho la mikono hapa hafai." Nilikuwa nimetoka kwetu Kondoa na barua ya mwalimu iliyonisifu kurasa mbili nzima. Hakuisoma. Niliajiriwa kwa sababu ya vidole.

Nyinyi mliozaliwa juzi mnadhani ramani ni karatasi tu. Ramani za wakati wetu zilikwenda porini na wapimaji, zikakunjwa, zikanyeshewa, zikakaliwa. Karatasi tupu isingemaliza mwezi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzivisha nguo. Unatandaza mezani amerikani, kile kitambaa kigumu cha pamba, unaivuta kwa misumari midogo pande zote, unaipaka gundi ya unga wa ngano iliyochemshwa na mrututu, yale mawe ya buluu yanayoua wadudu, halafu unailaza ramani kwa mgongo wake na kuipitishia rola. Gundi nyembamba mara mbili ni bora kuliko gundi nzito mara moja. Hilo mlijue, hata kama kazi yenyewe imekufa.

Nyuma ya kila ramani palikuwa na maandishi ya penseli: namba, jina la mpimaji, mahali alipopima. Nguo ikishabandikwa, maandishi hayo hayaonekani tena. Karani Mkuu alikuwa na sheria moja, na aliisema kila asubuhi hata siku ambazo hatukuwa na cha kubandika: "Nakili kwanza, ndipo ubandike." Tulinakili kwa wino juu ya nguo, herufi kwa herufi, hata kama hatukuielewa lugha. Miaka minne nilifanya hivyo na sikukosea hata nukta.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Bwana Mpima. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, Kiswahili chake cha polepole lakini safi, na aliishi peke yake katika nyumba ya serikali. Watu walisema ana wazimu kidogo, kwa sababu wenzake walipokwenda kuwinda, yeye alibaki ndani akitazama karatasi. Zilikuwa picha za kale za Kijapani, zilizopigwa chapa kwa mbao za kuchonga. Nyingi alizipata kupitia Mzee Jivraj, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni, ambaye ndugu yake alifanya biashara huko huko Japani na kumtumia picha mbili tatu ndani ya marobota ya nguo.

Bwana Mpima alimwomba Karani Mkuu nimtunzie picha hizo kila Jumamosi mchana, maana vumbi la Dodoma na jua lake mnavijua. Ndipo nilipojifunza kuzitazama. Kila rangi ina ubao wake, kwa hiyo picha yenye rangi nane imelazwa juu ya mbao nane, na kila mara imeangukia mahali pale pale. Mistari ikiwa myembamba na mikali, ubao ulikuwa bado mpya. Ikiwa minene, ubao umechoka na picha ni ya mwishomwisho. Buluu ikififia, mtu aliitundika ukutani. Yeye hakutundika hata moja. Alizilaza kwenye droo, akatoa moja moja, akaitazama, akairudisha.

"Mawimbi haya unayaona, Fundi Issa?" aliniuliza siku moja, akinionyesha mbingu ya picha. Nikamwambia ni mistari ya ubao wenyewe, na mti ule ulikatwa ukiwa mzee. Akacheka, akamsimulia Mzee Jivraj, na Mzee Jivraj akanipa kipande cha bafta, kitambaa cheupe laini. Tangu hapo nikajiona bingwa. Alinieleza pia kwamba mchapaji hakutumia mashine, alisugua karatasi kwa mkono upande wa nyuma, na kwamba mnunuzi mjuzi hugeuza picha kwanza. Hilo aliniambia nikawa sisikii. Kwangu mimi mgongo wa karatasi ulikuwa mahali pa gundi.

Kati ya picha zote, moja ndiyo aliyoitoa mara nyingi zaidi. Ilikuwa ya watu wanaovuka daraja mvua ikiwachapa, wameinama, mwavuli mmoja umepinduka. Sikuona ajabu. Mtu akikaa Dodoma miezi saba bila tone, atapenda mvua hata ya karatasi.

Mwaka wa tatu, Bwana Mpima alikwenda Bahi kupima mbuga, akakaa huko wiki sita. Aliniachia ufunguo wa droo na neno moja: "Zitunze." Ule upepo mkavu wa Septemba ukaingia hata kwenye droo. Nilipofungua Jumamosi ya pili, picha ya mvua ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo, na pembe moja wadudu walikuwa wamekwishaionja. Nilijua dawa moja tu duniani, na niliijua vizuri.

Nyuma yake palikuwa na mstari wa penseli kwa Kiingereza. Nilitambua neno moja tu, la mvua, nikadhani ni maelezo ya picha, kama ilivyo kwenye ramani. Nikanakili kwanza, ndipo nikabandika. Nataka niseme ukweli: haijapata kutoka mikononi mwangu kazi nzuri kama ile. Ufa ulipotea kabisa.

Bwana Mpima alirudi na matope ya Bahi hadi magotini. Nikamtolea picha hata kabla hajaoga. Akaitazama, akasema, "Imenyooka." Kisha akaigeuza.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi, Bwana. Nimenakili kama ilivyokuwa. Hakuna herufi iliyopotea."

"Mvua hii ikutoshe mpaka nije," alisoma kwa Kiswahili, polepole. "Mke wangu alinitumia picha hii kwa posta, Fundi. Alikuwa aje kwa meli iliyofuata. Homa ikamchukua huko huko kwao. Maneno yake nayajua. Nilichokuwa nacho ni mwandiko wa mkono wake."

Hakufoka. Laiti angefoka. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, na nimefanya makosa mengine makubwa kuliko hilo.

Karani Mkuu alipoambiwa alisema niiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kama tulivyovua ramani nguo. Kabla ya kuiloweka nikachovya uzi, nikaugusisha kwenye pembe ya picha. Uzi ukatoka mwekundu. Nikamfuata Bwana Mpima barazani kwake.

"Bwana, maji yataondoa nguo, lakini yataondoa na rangi. Daraja litakwenda, na watu wake. Chagua upande."

"Mgongo," alisema, hata hakufikiri.

"Hapana, mvua aliyokutumia nayo isipotee. Siiloweki," nikamjibu, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Nipe muda. Nitaivua kavu, uzi mmoja mmoja."

Kila siku baada ya saa za kazi nilikaa dirishani na sindano na kisu cha mfupa, nikichomoa amerikani ile uzi baada ya uzi. Gundi niliyoisifu ilikuwa ngumu kama ukucha. Siku nyingine nilitoa nyuzi tatu, siku nyingine sikutoa hata mmoja. Bwana Mpima hakuwahi kuja kuangalia. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Mvua ya kwanza iliponyesha Desemba, hewa ikalainika na gundi nayo ikalegea, nikamaliza kwa siku nne kazi ambayo ingenichukua mwezi.

Picha ilipona. Maandishi hayakupona yote. Penseli ilikuwa imeshikwa na gundi ikaondoka nayo, na mwanzo wa mstari ulibaki weupe mtupu. Yaliyobaki kwenye karatasi yalikuwa maneno ya mwisho, "mpaka nije", na hata hayo yamefifia.

Nilimpelekea, nikasimama nikingoja kufukuzwa. Aliisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya maneno bila kuyagusa. "Inatosha, Fundi," akasema.

Mwaka uliofuata alihamishwa. Nami nilipelekwa Tabora, halafu Mwanza, chini ya wakubwa wengine watatu ambao sina la kuwasema, kisha nikarudishwa Dodoma kumalizia. Nilistaafu Waingereza wakiwa bado wapo, nikajenga Mkonze. Wapimaji sasa wana karatasi zisizochanika, na sisi wavisha nguo hatuhitajiki tena. Silalamiki.

Mke wangu Hadija alifariki miaka mingi baadaye. Hakujua kusoma wala kuandika. Nina picha yake moja, ya fomu za pensheni, na nyuma yake karani alimtaka aweke kidole gumba cha wino ili ijulikane ni yeye. Juzi binti yangu Zainabu aliiona pembe zake zimejikunja. "Baba, itaharibika hii. Niipeleke mjini wakaibandike kwenye ubao, waitie na kioo."

Nilimwambia kwamba hapa Mkonze hakuna aijuaye kazi ya kubandika kunishinda mimi, na kwamba picha hiyo haibandikwi.

"Kwa nini, Baba? Nyuma kuna wino tu."

Nikaigeuza, nikashika kidole gumba chake, nikakiweka juu ya kile cha mama yake. Alikaa nacho pale muda, kisha akaniuliza kama tunayo bahasha safi.