Kanda ya Bendi ya Kiwanda

Mpaka leo, mtu akiniambia kwamba bendi ile ya kiwanda haikuwa na lolote, sijibu papo hapo. Nangoja nitulie kwanza, maana najua na yeye ana ukweli wake kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Bendi ilikuwa mali ya kiwanda cha nguo alichofanya kazi baba yangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu Temeke. Wanamuziki wake walikuwa wafanyakazi kama yeye: mchana mashineni, Jumamosi jukwaani. Na walikuwa wanatunga hao watu. Akija mgeni wa serikali, wimbo. Ikifunguliwa bohari, wimbo. Kampeni ya kuchemsha maji, kampeni ya pamba, mkurugenzi karudi salama kutoka ng'ambo, wimbo. Nyingi zilikuwa mbovu, sitaki kudanganya. Unasikia kabisa kwamba mwimbaji amepewa karatasi ofisini na hajaisoma mara mbili.

Lakini baada ya nyimbo sita saba za namna hiyo, unatokea mmoja unaokufanya uache ulichoshika. Upo wa mwanamke anayemwandikia barua mumewe aliyekwenda machimboni. Mwimbaji anaisoma ile barua polepole, na gitaa la solo linamjibu kila mstari kwa upole, kama jirani anayemwambia nyamaza, nimekusikia. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa nashona sare za shule kibarazani. Niliondoa miguu kwenye charahani nikakaa tu mpaka ukaisha.

Kaka yangu alikuwa mtu wa bendi za Zaire. Kwake yeye hapa nchini hapakuwa na muziki.

"Bendi yenu hiyo inatoa nyimbo kama kuku wa kisasa anavyotaga," aliniambia. "Mayai tele, ladha hamna."

"Mie nitakuchagulia ishirini, halafu uniambie."

"Ishirini? Zikifika kumi njoo uniite."

Ndivyo kanda ilivyoanza, kwa ubishi wa ndugu wawili. Ila kulikuwa na jambo jingine lililonichoma. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, mitumba ilikuwa imejaa kila kona, majora ya kiwanda yamekosa wanunuzi, na kiwanda chenyewe kilikuwa kinatafutiwa mmiliki mpya. Baba alipunguzwa kazini. Bendi ilivunjwa kwa tangazo la mistari mitatu lililobandikwa getini, na magitaa yakafungiwa stoo. Watu walioimbia kila mgeni aliyekanyaga pale hawakupata hata mtu mmoja wa kuwaambia asanteni.

Baba alinunua redio kaseti kwa kiinua mgongo chake, na mimi nikaigeuza ofisi yangu. Kituo cha redio kilikuwa kimoja tu nchi nzima, na nyimbo za bendi yetu zilipigwa zaidi kwenye vipindi vya salamu, mchana. Nilikaa na kidole kwenye kitufe. Mara nyingine umeme wa mgao unakatika katikati ya ubeti, nahamia kwenye betri nilizozianika juani. Na kama si umeme, ni mtangazaji. Gitaa linaanza, yeye anaendelea kusoma majina ya watu wa salamu, shangazi na wajomba wa wilaya nzima, mpaka utangulizi wote umekwisha. Nilimchukia yule bwana kwa dhati. Kwenye wimbo wa barua ya machimboni sauti yake imebaki hadi leo, inasema "na wengineo wote", ndipo gitaa linaingia.

Ilinichukua karibu mwaka. Nilijaza kanda saba, nikazisikiliza upya huku nashona, nikafuta, nikapanga. Sharti langu lilikuwa moja: wimbo wowote unaomsifu mkurugenzi au mtambo wake, nje. Zikabaki kumi na tisa. Wa ishirini sikuupata, na nilikataa kujaziliza kwa ubovu.

Ili zote ziingie kwenye kanda moja nilihitaji mashine ya kanda mbili, kwa hiyo nikaenda kwenye duka la kurekodi lililokuwa karibu na soko. Mwenye duka alikuwa kijana nadhifu, spika mbili mlangoni. Alisoma orodha yangu akacheka.

"Sista, hizi nyimbo za wazee. Nani anasikiliza?"

"Mie."

Alinirekodia vizuri, siwezi kumsingizia. Kaka yangu aliisikiliza kanda nzima akiwa amelala mkekani. Wimbo wa barua ulipoisha alinyoosha mkono akaurudisha mwanzo, na mimi nikajifanya sikuona.

Miezi michache baadaye nilikwenda kusukwa Tandika. Redio ya pale saluni ilikuwa inapiga kanda, mara nikasikia: "na wengineo wote." Nikageuza kichwa, msusi akanirudisha. Ilikuwa kanda yangu, kwa mpangilio wangu. Lakini ile barua haikusomwa yote. Baada ya mstari mmoja tu wimbo uliruka moja kwa moja kwenye chemko, pale ngoma zinapopanda na watu wanaingia kucheza. Kisha sauti ya yule kijana mwenye duka ikaingia juu ya gitaa la solo, na mwangwi umeongezwa: "Unasikiliza kanda safi, kutoka duka lako la uhakika." Wimbo uliofuata, hivyohivyo. Nyimbo zangu zilikuwa zimekatwa vichwa, zimebaki miguu.

Nilitoka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Sikujali.

Dukani kanda zilikuwa zimepangwa rafu nzima, zina karatasi ya rangi imeandikwa Zilipendwa.

"Umeuza kanda yangu," nilimwambia.

"Kwani nyimbo ni zako, sista?"

"Nimezichagua mie. Mwaka mzima."

"Kuchagua sio kutunga. Na watu hawataki maneno, wanataka kucheza. Mie nimewasaidia. Hiyo bendi ilikuwa imesahaulika."

Nilirudi nyumbani nimevimba, nikawa naongea peke yangu njiani kama mgonjwa. Kilichonikera ni kwamba swali lake lilikuwa la haki. Nyimbo hazikuwa zangu. Basi nikaamua kumtafuta mwenyewe.

Baba alijua alipo mtunzi, yule aliyeimba barua. Alikuwa mzee wa Kimakonde aliyekuja mjini kijana, na baada ya bendi kuvunjwa alipata kazi Keko kwa mafundi wa samani. Nilimkuta anapiga msasa mguu wa kitanda, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza mimi mtoto wa nani na alivyofanya yule kijana wa dukani, nikampa kanda yangu, ile nzima. Fundi mwenziwe alikuwa na redio. Mzee alikaa juu ya gogo akasikiliza upande wa kwanza wote. Kisha akasoma orodha niliyoiandika kwenye karatasi ya kanda.

"Wa mtambo uko wapi?" aliuliza.

"Sikuuweka, mzee. Ule wa kumsifu mkurugenzi."

Alinitazama kama nimemtukana. "Ule nimeutunga nikiwa nimesimama kwenye mashine, shifti ya asubuhi. Ile ngoma yake ndiyo mlio wa mashine yenyewe. Beti mbili za mwanzo ni za wasichana waliokuwa wanakatwa vidole na nyuzi. Ubeti wa mkurugenzi nililetewa, umeandikwa kwa taipu. Bila huo, wimbo usingetoka getini."

"Sikujua."

"Ulisikia jina lake ukafunga masikio. Na wewe umekata, kama huyo wa dukani."

Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilikuwa nimekuja kudai haki yake, naye ananiweka fungu moja na mwizi. Nilitaka kubisha kwamba wangeweza kukataa ile karatasi ya taipu. Nikamwona anapangusa vumbi kwenye kanda kwa shati lake, nikamwomba twende wote dukani.

Kesho yake tulikwenda wote dukani. Kijana alimwamkia vizuri, akampa kiti. Mzee akaomba kuonyeshwa ile kanda ya Zilipendwa.

"Hii ni nzuri sana, mzee," kijana alisema. "Kumbukumbu tu. Waimbaji wenyewe walishakufa."

"Nani kakwambia?"

"Inajulikana."

"Wa tatu, wa barua, nimeimba mie."

Kijana hakuamini. Mzee hakubishana. Akaimba pale pale kwenye kiti, mikono magotini, ubeti ule uliokatwa, ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwa mtu aliye hai mbele yangu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya samaki alisimama. Alipomaliza, nilingoja yule kijana aone haya.

Badala yake alifurahi. Akavuta maiki. "Mzee, tusemee hapa maneno mawili. Useme wewe ndiye mtunzi, na unawakaribisha wateja dukani kwetu."

Nilidhani mzee atainuka aondoke. Akaishika ile maiki. Akasema jina lake, kisha akaanza kuwataja wenzake mmoja mmoja: aliyepiga solo, aliyepiga besi, wapuliza tarumbeta wawili, mpiga tumba ambaye alirudi kwao Lindi, na nani marehemu na nani mzima. Alimtaja hadi mzee aliyekuwa akibeba vyombo. Duka hakulitaja. Kisha akamwambia kijana, "Hayo uyaweke mwanzo. Na nyimbo uziache nzima."

"Nitafanya, mzee. Wallahi nitafanya."

Hakufanya. Wiki mbili baadaye nilikwenda kusikiliza: nyimbo zilezile zilizokatwa, na mwanzoni sauti ya mzee inasema jina lake tu, halafu mwangwi, halafu duka la uhakika. Wenzake wote wamefutwa. Nilimwambia yule kijana maneno ambayo mama yangu hakunifundisha, mbele ya wateja, na sijawahi kuyajutia. Yeye alipandisha sauti ya spika.

Nilipompelekea mzee habari, hakukasirika kama mimi. Alicheka kidogo, akaniuliza kama nina kanda tupu.

Jumapili zilizofuata alikuwa anakuja kwetu baada ya adhuhuri, anakunywa chai na baba, na mimi naandika anayoyakumbuka. Niliazima mashine ya kanda mbili kwa shoga yangu mmoja tukarekodi upya. Wimbo wa mtambo, uliokuwa umebaki kwenye moja ya zile kanda saba, ukaingia wa kwanza. Ubeti wa mkurugenzi ulipokaribia nilipeleka kidole kwenye kitufe, mzee akanishika mkono.

"Mwache. Watu wasikie tulivyoshikwa."

Nimeuacha. Bado ni ubeti mbovu, na kila ukipita nasaga meno. Ile karatasi ndogo ya kanda haikutosha majina ya wapigaji wote, kwa hiyo mzee aliniambia nichane ukurasa wa daftari, akanitajia polepole huku anahesabu kwa vidole, nami nikaandika.