Ghati, Kibuyu na Kigingi cha Mwenyekiti

Ghati alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilifika shambani kabla yeye mwenyewe hajafika. Watu wa Kerubanga, kijiji kilichopangwa mistari mistari wakati wa Operesheni Vijiji, walimwogopa kwa mambo mawili: jembe lake na ulimi wake. Heri jembe, maana jioni lilipumzika.

Mume wake alikufa mapema, akamwachia mabinti watatu bila mtoto wa kiume. Wapo waliodhani atafunga mzigo arudi kwao. Hakurudi. Aliwangoja mabinti waolewe, akawachukua ng'ombe wa mahari yao, naye akaoa. Ndiyo, akaoa, kama Wakurya walivyofanya tangu zamani: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, huleta msichana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Hiyo huitwa nyumba ntobhu. Msichana mwenyewe alikuwa Veronika, mrefu, mpole, wa maneno machache. Na siku ya kutoa ng'ombe, aliyesimama shahidi alikuwa Mzee Nyamhanga, binamu wa marehemu, shemeji yake Ghati. Aliwahesabu ng'ombe mmoja mmoja, kisha akala paja zima la mbuzi. Paja hilo tutalirudia.

Ghati ndiye aliyekuwa mkubwa wa risaga, kikundi cha wanawake ishirini na wawili waliopaliliana mashamba kwa zamu. Hakikuandikishwa popote wala hakikuwa na muhuri, lakini sheria kilikuwa nazo. Aliyechelewa alipewa mistari miwili zaidi. Aliyemkatiza mwenzake akisema, alibeba maji ya kunywa ya wote. Na kila msimu walichagua mkubwa wao kwa kibuyu: kila mmoja alitumbukiza punje, haragwe likiwa ndiyo, hindi likiwa hapana. Mkono uliingia umefumbwa, ukatoka umefumbuliwa, na hakuna aliyejua mwenzake ameweka nini. Mwaka mmoja kibuyu kilimwondoa Ghati mwenyewe kikamweka Esta, kwa sababu Ghati alikuwa akiwaamsha mapema mno. Alinuna siku tatu. Ya nne alichukua jembe akaja kama wengine, tena akafika wa mwisho kusudi, akalima mistari yake miwili ya adhabu huku anaimba. Msimu uliofuata wakamrudisha.

Basi mwaka wa pili wa kijiji, serikali ikaleta habari njema: Kerubanga itachimbiwa kisima cha pampu. Fundi Hezekia alifika kutoka Tarime na baiskeli na kamba ya kupimia. Alisema maji yako mahali pawili, kwenye bonde la chemchemi ya zamani, njia ya kwenda Genkuru, na hapa juu katikati ya nyumba. Kijiji kichague. Mzee Nyamhanga, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiji, hakuona sababu ya kukisumbua kijiji. Alichukua kigingi akakipigilia mwenyewe, hatua sita kutoka kwenye lango lake, mbele ya watu, na watu wakapiga makofi, kwa kuwa mwenyekiti akipigilia kitu hupigiwa makofi.

Jambo moja hakulifikiri. Kwa Wakurya, mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawakaribiani. Mkamwana akimwona baba mkwe njiani hujitenga, na baba mkwe mwenye adabu naye hupisha. Tena baba mkwe si baba wa mume tu, ni ndugu zake wote wa ukoo. Zamani, nyumba zilipokuwa zimetawanyika vilimani, heshima hiyo ilikuwa nyepesi. Sasa watu walikuwa wamepangwa kama mahindi shambani, na Mzee Nyamhanga kutwa nzima alikaa langoni kwenye kigoda chake. Katika wale ishirini na wawili wa risaga, kumi na watano walikuwa wakamwana wake. Pampu ingekuwa pale pale, maji yakimwagika, nao wasiweze kuyafikia.

"Tumwambie," alisema Esta wakiwa shambani, naye alikuwa mke wa mtoto wa pili wa Mzee Nyamhanga.

"Utamwambia wewe?" wakamwuliza.

Esta akainamia palizi yake.

"Basi tusimwambie," alisema Ghati. "Tumwonyeshe."

Wakalizungumza mpaka mstari wa mwisho, kila mmoja kwa zamu yake, wakakubaliana.

Siku ya pili jua likichomoza, Mzee Nyamhanga alikaa kwenye kigoda, uji wake mkononi. Akatokea Esta na mtungi. Akasimama mbali, uso chini, akangoja. Mzee akamwona, akainuka kwa adabu, akazunguka nyuma ya nyumba. Esta akaenda, akakitazama kigingi, akarudi. Mzee akakaa. Hajameza hata funda moja, akatokea mwingine na mtungi. Mzee akainuka. Akaja wa tatu. Walipofika wa tisa, uji ulikuwa umeganda utando na kuku alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakuna mwanamke aliyesema neno. Walikuja tu, kwa heshima, mmoja mmoja, na nafasi kati yao ilikuwa imepimwa kwa urefu wa funda la uji.

Saa tano mzee alikwenda kwa Ghati.

"Shemeji, boma langu limerogwa?"

"Halijarogwa. Limepata maji."

"Maji gani, na kisima hakijachimbwa?"

"Ndiyo ushukuru. Kikichimbwa watakuja mara mbili kwa siku. Na wakati wa kiangazi, mara tatu. Utajenga njia nyuma ya nyumba yako kama ya punda."

Mzee hakuwa mjinga, alikuwa mwenyekiti tu.

"Nimeelewa," alisema. "Lakini kigingi nilichokipigilia mbele ya watu, nitaking'oa vipi peke yangu kama mwizi?"

"Basi king'olewe mbele ya watu. Itisha mkutano."

"Na nikiuitisha nitakitetea. Usidhani kwa kuwa shemeji yangu umenicheka nitakaa kimya."

"Kitetee. Mimi nitakijibu."

Mkutano ukaitishwa uwanjani mwa shule. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati, wanawake nyuma kwenye majani. Katibu Kornelio, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haiandiki, alisimama akasoma utaratibu: watakaosema ni wakuu wa kaya tu, ili mkutano usirefuke.

Mwenyekiti akakitetea kigingi chake nusu saa. Alisema maji karibu na mwenyekiti ni maji yaliyo na ulinzi. Alisema hata wageni kutoka wilayani wataona pampu kabla ya kuona kitu kingine. Alisema vizuri, na baadhi ya wazee walianza kutikisa vichwa kukubali.

Ghati akainuka kule nyuma.

"Mama, kaa," alisema Kornelio. "Tumesema wakuu wa kaya."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimesimama."

"Mkuu wa kaya ni yule aliyeoa, mama."

"Nimeoa," alisema Ghati. "Veronika, simama wakuone."

Veronika akasimama, akakaa upesi.

Kornelio akamgeukia mwenyekiti. Watu wote wakamgeukia mwenyekiti. Ghati alikuwa ameshafika mbele.

"Ndugu mwenyekiti, ng'ombe wangu walipotoka zizini aliyewahesabu alikuwa nani?"

"Mimi," alisema Mzee Nyamhanga.

"Na paja la mbuzi alikula nani?"

Wazee wakaanza kucheka. Mwenyekiti alikuna kidevu.

"Kornelio," alisema, "mwandike huyu. Kaya namba thelathini na mbili. Asemaye ni mkuu wake."

Ghati hakusema sana. Alisema kisima ni cha wanaochota, na wanaochota hawajaulizwa. Kornelio akapendekeza wanyooshe mikono. Ghati akauliza ni mkamwana gani atanyoosha mkono kumpinga baba mkwe wake machoni pake, akatoa kibuyu cha risaga chini ya kanga. Haragwe, bondeni. Hindi, langoni kwa mwenyekiti. Na kila mtu mzima atumbukize, awe mkuu wa kaya au mkia wake. Fundi Hezekia, kwa kuwa hakuwa ndugu wa mtu, akashika kibuyu na kukipeleka nyuma ya darasa, watu wakawa wanakwenda mmoja mmoja.

Wanaume nao waliweka maharagwe. Usishangae. Usiku uliotangulia kila mmoja alikuwa ameulizwa na mkewe iwapo anajua kubeba mtungi.

Hezekia akamwaga punje mezani. Maharagwe mia moja na kumi na nne. Mahindi matatu.

"Moja ni langu," alisema mwenyekiti, bila haya. "Hayo mawili ni ya nani?"

"Kura ni siri, shemeji."

Akainuka, akaenda na mkutano mzima nyuma yake mpaka langoni kwake, akaking'oa kigingi kwa mikono yake, na watu wakapiga makofi kuliko siku ile ya kukipigilia. Yeye mwenyewe alionekana amefurahi, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Ghati alirudi nyumbani anatembea kama jogoo. Kaya namba thelathini na mbili ilikuwa ya tatu tu kutoka kwa mwenyekiti. Veronika alikuwa anasonga ugali, na Ghati akaketi jikoni kumsimulia mambo ambayo Veronika mwenyewe alikuwa ameyaona kwa macho yake.

"Na hayo mahindi mawili," alisema Ghati, "natamani kuwajua wajinga hao."

"Moja ni langu, mama," alisema Veronika.

Ghati akamgeukia.

"Mzee Nyamhanga kwangu si baba mkwe, maana aliyenioa ni wewe, shemeji yake. Ni shahidi wa ndoa yangu, anakaa na wewe hapa mnataniana, nami nampa uji. Kwake ni hatua thelathini. Bondeni ni mteremko kwenda na mlima kurudi, na anayechota maji ya nyumba hii ni mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi si wa risaga, hujawahi kunichukua. Na nyumbani hukuniuliza." Akageuza ugali. "Kibuyu kiliniuliza."

Ghati alikula bila kusema, na wanaomfahamu wanajua hilo halikutokea mara mbili maishani mwake. Maneno ya Veronika yalikuwa yale yale aliyoyasema yeye mbele ya kijiji: anayechota hajaulizwa.

Kisima kilichimbwa bondeni, na pampu ikafungwa kabla ya mvua. Siku ya kwanza ya kuchota, wanawake wa Kerubanga waliona jambo likiteremka njia ya Genkuru wakaweka mitungi chini ili walitazame vizuri. Mbele alikuwa Veronika na mtungi wake. Nyuma yake, akitweta, akilaumu kila jiwe, alikuwa mkuu wa kaya namba thelathini na mbili na mtungi wa pili kichwani.

"Ghati," aliita Esta, "umeoa halafu unachota mwenyewe?"

"Nyamaza," alisema Ghati. "Unanikatiza. Utabeba maji ya wote."