Mawaridi ya Mama Pini

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba tangu jua lianze kuchoma mabati ya mtaa huu, hajapata kutokea mtu aliyeletewa vijiti sita kwa posta akavisainia huku akitabasamu. Mtu huyo sasa amepatikana. Ni fundi cherehani, anaitwa Mama Pini kwa sababu huongea pini zikiwa midomoni, na hadi leo hajameza hata moja.

Miaka ishirini alishonea mawaridi ya kitambaa kwenye magauni ya maharusi wa watu. Akachoka. Akataka yenye miiba. Akayaagiza kwenye kampuni ya mbali, yakaja ndani ya boksi, mizizi uchi, imeviringishwa magazeti yenye unyevu.

"Wifi, umeagiza kuni?" akauliza dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja wakichokozana tangu siku ya harusi.

"Kuni mdomo wako. Lete ndoo."

Mwenye nyumba hakucheka. Alitaka kumwaga zege pale pale mbele ya chumba cha kushonea, apate pa kuegesha gari. Mama Pini alipogoma kuyafukia mashimo aliyochimba ya kupandia, mzee akatoa hukumu: "Mwisho wa mwezi nakuja. Nikikuta majani, iwe bustani. Nikikuta vijiti, zege."

"Karibu sana," akajibiwa.

Mizizi ikalowekwa kutwa nzima, kama anavyoloweka kitambaa kipya kisinyae kabla hakijakatwa. Hapo hakukosea. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo, iliyosema pandeni penye jua la kutwa. Fundi aliyezoea kukata kwa kufuata mstari hakuupinda: vyote sita vikaenda katikati ya uwanja, peupe.

Wiki ya pili, vitatu vilikuwa vyeusi hadi shinani. Wifi akakwaruza gome la cha nne kwa ukucha. Ndani bado kijani, lakini kwa mbali.

"Karatasi imesema jua," Mama Pini akajitetea.

"Jua la kwao, wifi! La kuanikia soksi. Hili letu linachoma matofali."

Mama Pini akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. Gauni likimbana mteja, yeye hufumua bila kumwomba ruhusa aliyelichora. Sasa huyu wa kampuni ni nani hasa? Akaichana karatasi vipande vinne.

Akaanza upya. Akarundika udongo kufunika vijiti hadi nusu, upepo usivikaushe, na juu yake akatandaza majani makavu. Akashona vivuli vya gunia, pindo mbili, akavisimamisha upande wa magharibi ili jua la asubuhi lipite na la alasiri lipige gunia. Maji akamwaga alfajiri, taratibu, ndoo nzima kwa kila shina yazame chini, kisha akamkataza wifi kunyunyiza kila anapopita. Mbolea, ambayo wifi aliitaka itiwe, akaifungia kabatini.

"Mgonjwa hajamaliza uji, wewe unamtafutia nyama?"

Majirani wakapata sinema ya bure. "Mama Pini, leo vijiti vimevaa nini?"

"Vimevaa kukuzidi wewe!"

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja, na mtu wa zege kamfuata nyuma, futi ya kupimia mkononi. Mtaa mzima ukajisogeza. Mama Pini akapiga magoti, akakwangua udongo kwa kidole. Shina la kwanza: kichipukizi chekundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti. La pili: viwili. La tatu: majani mawili kamili, yanang'aa.

Mzee akainama, akakunja uso. "Haya nayo ni majani?"

"Ulisema majani. Saizi hukutoa."

Watu wakaangua kicheko, wifi akiwa mbele yao. Mtu wa zege akakunja futi yake. Mwenye nyumba akajikohoza, akaukabili umati, kifua mbele.

"Mimi kama mmiliki, kwa kuthamini mazingira na vizazi vijavyo, nimeamua kwa hiari yangu mwenyewe kwamba eneo hili libaki bustani!"

Makofi yakapigwa. Yalipotulia, akamsogelea Mama Pini, akanong'ona.

"Sasa mama, gari langu nitaliweka wapi?"

"Juani," akasema Mama Pini, akaendelea kusawazisha udongo.