Kitana cha Mbwa wa Madamu

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu yake. Mzungu anamchana mbwa mwenye masikio marefu, anamkata manyoya ya vidoleni kwa mkasi mdogo. "Koko, angalia," ndivyo anavyoniita, akasema huku akicheka, "mbwa iko ku saluni." Mimi sikucheka. Kazi ile naijua, baba yangu aliifanya.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Wakati wa Wabelgiji baba alitumika hapahapa Kasongo, nyumbani kwa mzungu wa pamba. Mbwa jike wa Madamu, mke wa mzungu huyo, mbwa wa aina ya kokeri aliyeletwa kutoka Ulaya, alizaa, na Madamu alitaka kubaki na mtoto mmoja tu. Akamwambia baba amchagulie. Wajomba wa baba walikuwa wawindaji wa Kabambare, basi akafanya kama wao. Watoto walipoanza kutembea, aliwaweka mbali na mama yao asubuhi, kwenye majani yenye umande. Anayerudi wa kwanza bila kulia, huyo ndiye. Akarudi mmoja wa rangi ya asali, masikio yakiburuta chini.

Tangu hapo kumtunza ikawa kazi ya baba. Kila alasiri alimsimamisha juu ya meza barazani, akamchana, akampangusa ndani ya masikio kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamtoa kupe mmoja mmoja. Mimi nilichota maji, nikanusa sabuni yenye harufu ya malimau. Sisi nyumbani tulikoga kwa sabuni ya kufulia.

Jioni, kabla ya sala, baba aliosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa aliyelambwa na mbwa. Bibi, mama yake baba, alimtengea kopo lake nyuma ya nyumba. Wanaume wa mtaa walinong'ona, naye aliwajibu neno lilelile, "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Mradi wake nilikuwa mimi. Madamu alimwahidi atasema na masista, niingie shuleni kwao bila kubatizwa. Sisi watoto wa Kiislamu wa mtaa ule tulikuwa na madrasa tu, na mimi nilitaka shule kuliko chakula.

Lakini baba alikuwa amechagua vizuri mno. Yule mbwa hakumpenda Madamu, alimpenda aliyemchana. Siku ya Maulidi alikata kamba, akafuata nyayo za baba hadi uani kwa jirani yetu mfanyabiashara, wanaume wameketi kuzunguka sinia la wali na nyama ya mbuzi. Akapenya katikati yao, akatia pua siniani kabla baba hajamkamata. Wote waliinuka. Jirani hakupandisha hata sauti. "Ndugu," alisema, "tangu leo utakulaka kwako."

Na ikawa hivyo. Harusini na matangani baba alisalimiwa vizuri, kisha sinia likapita mbele yake. Naye Madamu, alipoona mbwa hulala juu ya ndara za baba, alinuna. Baba akimkumbusha habari ya shule alijibu, "Tutaona, boi, tutaona." Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena.

Uhuru ulipofika, wazungu wakaondoka kwa haraka. Kwenye ndege mbwa alipata nafasi, amepakatwa na Madamu, manyoya yamechanwa asubuhi ile ile na baba. Mimi shuleni sikuipata. Madamu alimwachia baba kitana cha mbwa, eti kumbukumbu. Bibi alikataa kisivuke kizingiti, baba akakichomeka kwenye makuti ya paa la jikoni. Alikula peke yake mpaka alipokufa, na sikumsikia akilalamika. Nililalamika mimi, na bado nalalamika.

Siku hizi nyumba ya mzungu wa pamba imebaki ngazi tu, mbuzi wanapanda na kushuka. Wale wa sinia wote wamekwenda mbele ya haki. Watoto wao hunisalimia kwa adabu nyingi.

Haya unayoyasoma nimeyasema mimi, ameyaandika mjukuu wangu. Mimi sijui kusoma hata jina langu. Sasa hivi amenigeuzia karatasi, ananiuliza, "Koko, iko muzuri?" Nimeitazama kutoka juu hadi chini. Nimemwambia ndiyo, iko muzuri.