Barabara ya Nalasi Saa Moja Asubuhi

Siku niliyoituma ile ratiba naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na furaha ambayo baadaye niliionea haya. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, katika kile chumba chetu cha Msamala, hapa Songea, nyuma ya duka la vipuri, ambacho sasa umekabidhiwa wewe. Nakuita mwanangu ingawa sijafika hata miaka arobaini. Umerithi kazi yangu, basi nivumilie.

Kazi yenyewe umeshaanza kuionja. Vyama vya mbio za magari vya nchi nne, sisi, Malawi, Zambia na Msumbiji, vinaendesha msimu mmoja, na kila mwaka, katika kila chama, lazima mtu akae chini apange raundi yao ifanyike wapi na lini. Watazamaji wanadhani ugumu wote uko kwenye usukani. Hawajui kwamba kabla gari la kwanza halijawashwa, kuna mtu amekaa na kalenda kwa miezi. Malawi hawautaki mwezi wa tatu kwa ajili ya matope. Msumbiji wana sikukuu zao, na mpaka wao una saa zake. Kati ya raundi moja na nyingine zinatakiwa wiki tatu, maana magari yanasafiri juu ya malori na makaratasi ya forodha hayana haraka. Ukisogeza raundi moja kwa wiki, nyingine zote zinasogea nayo, na simu yako haitulii.

Mwaka ule Songea ilikuwa imeahidiwa raundi kwa mara ya kwanza. Nasema imeahidiwa tu. Tulitakiwa kupeleka tarehe na njia ya msimu unaofuata kabla ya Ijumaa ile saa kumi jioni. Tusipopeleka, nafasi inakwenda Zambia, ambao walikuwa tayari wanaomba raundi ya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, na mtu asiye na jedwali mkononi sikumsikiliza. Nilihoji kila kitu: kwa nini chama kinakutana Alhamisi, kwa nini mwenyekiti ndiye anayeshika filimbi, kwa nini watu wanasema mwezi wa saba ni mkavu wakati hakuna aliyepima. Basi nikapima. Nikatafuta rekodi za mvua, nikazipanga, nikapata wiki ya pili ya mwezi wa saba. Ilikuwa kavu kweli. Nikaipaka rangi ya kijani kwenye kompyuta.

Njia niliipanga hivi. Siku ya kwanza magari yangekimbia Nalasi, kule Tunduru, kwenye barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya mikorosho. Siku ya pili yangekimbia huku karibu, upande wa Hanga. Kanuni inakataza gari kushindana baada ya jua kuzama, na siku ya Nalasi ilikuwa na vipande vitatu virefu vya mbio, kwa hiyo gari la kwanza lilipaswa kuondoka saa moja kamili asubuhi. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Fomu ilitaka saini mbili, yangu na ya mkaguzi wa njia. Mkaguzi wetu alikuwa Mzee Yasini, mzaliwa wa Nalasi, aliyeendesha malori ya korosho miaka mingi kabla ya kuja kuishi Songea. Tulikuwa tumekwenda naye mara tatu kuipima ile barabara. Tunatoka hapa baada ya chai, tunafika saa nane mchana, tunapima kona, tunahesabu madaraja, tunarudi. Mara zote tatu barabara ilikuwa tupu. Ukikutana na mtu, ni mmoja na baiskeli yake.

Ile Ijumaa nikampelekea fomu nyumbani. Nikamkuta anamenya muhogo uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta lile karatasi lako."

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kilipofika kwenye saa, kikasimama.

"Saa moja asubuhi. Mwezi wa saba."

"Ndiyo mzee."

"Wanapuliza saa hizo."

Alikuwa na maana ya salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho inapoanza kutoa maua. Nilijua kwamba inapulizwa, kama nilivyojua kwamba mahindi yanapaliliwa. Nikamwambia watu watakuwa mashambani na magari yatakuwa barabarani, sasa tatizo liko wapi.

"Shamba la mtu mmoja liko pande zote mbili za barabara," akasema. "Hii sisaini."

"Mzee, una namba yoyote? Wangapi wanavuka? Kila baada ya dakika ngapi?"

"Sina. Wewe msomi kahesabu, mimi nitasubiri."

"Leo saa kumi ndiyo mwisho."

"Basi umechelewa kuhesabu."

Nikachukua fomu yangu nikaondoka nimekasirika. Niliona ni uzee, ni kutaka kuombwa. Saa tisa na nusu nikaituma ikiwa na saini moja, na chini yake nikaandika kwamba saini ya mkaguzi itafuata. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na sitaki ulitafutie jina zuri. Nilijua kwamba haitafuata.

Jumatatu ratiba ikatangazwa. Songea ikawamo, kati ya Malawi na Msumbiji. Simu zilikuwa za pongezi tupu, na vijana wa bodaboda hapa Msamala walinipigia honi wakipita. Mimi nilikuwa sili vizuri. Kila nikilifungua lile jedwali nilikuwa naitazama safu moja tu, ile ya saa. Nilijiambia kwamba mashaka ya mtu mmoja si ushahidi. Halafu najiuliza, na barabara niliyoiona saa nane mchana ni ushahidi wa nini? Nilikuwa nimekusanya mvua ya miaka mingi, na sikuwa nimeiona ile barabara hata mara moja katika saa niliyoipangia magari.

Nikarudi kwa Mzee Yasini. Hakunisema. Akaniambia twende tukalale kwa dada yake Nalasi, kesho yake niione saa yangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda nikitumaini kumwonyesha kuwa amekosea.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa barabarani. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Umande ulikuwa umejaa kwenye majani, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanaanza mapema: unga wa salfa unashika kwenye jani lenye umande, jua likipanda unadondoka bure. Mashamba yote yalikuwa yananguruma. Kila mashine ina injini, na anayepuliza anaibeba mgongoni. Unga ulikuwa unatoka mikorosho ya kushoto, unaelea juu ya barabara, unaingia upande wa pili. Harufu yake unaijua, inakata koo.

"Punguza," Mzee Yasini akasema.

"Niko hamsini tu mzee. Ya mashindano yatakuwa zaidi ya mara mbili."

"Ndiyo maana nakwambia punguza."

Tukazunguka kona. Katikati ya barabara kulikuwa na mwanamke, mashine mgongoni, kanga imefungwa usoni hadi chini ya macho, anavuka polepole kwenda safu ya upande wa pili. Nikapiga honi. Hakugeuka. Nikapiga tena nikikanyaga breki, gari likaanza kuteleza kwenye changarawe, nikapiga mara ya tatu, naye anatembea vile vile, mtu ambaye yuko peke yake duniani. Gari lilisimama nikiwa naona mshono wa kanga yake.

Vumbi letu lilipompita ndipo akageuka. Akatutazama, akaizima mashine.

"Mnapita kimya kimya hivyo?" akauliza. "Honi mmeiuza?"

"Nimepiga mama. Mara tatu."

"Na hii kitu mgongoni inavyopiga kelele, ningesikia nini?" Akamtambua aliyekaa pembeni yangu. "Kumbe Yasini. Huyu mgeni wako anawahi wapi asubuhi hii?"

"Anaangalia njia ya mashindano ya magari," Mzee Yasini akajibu. "Mwakani, wakati kama huu. Saa moja."

Yule mama hakukasirika. Akaitazama barabara hadi kwenye kona tuliyotoka, akafikiri. "Saa moja sisi bado tuko hapa. Waje mchana, tutawapigia makofi."

Nikamweleza kwamba mchana haiwezekani, vipande ni vitatu na jua litazama. Nikamwuliza kama wangeweza kuacha kupuliza asubuhi nne, tatu za mazoezi na moja ya mbio.

"Ugonjwa ukiingia kwenye maua yangu hizo asubuhi nne," akasema, "hao wenye magari watakuja kunipa korosho?" Akaivuta kamba ya mashine, ikanguruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tulikaa pale hadi saa tatu, gari limeegeshwa pembeni. Mzee Yasini hakuniambia nihesabu, lakini nilihesabu, na nilipofika watu wengi kuliko nilivyotaka nikaacha.

Siku hiyo hiyo nikampigia mratibu wa msimu, mama mmoja wa Lilongwe, mpole lakini hana maneno mengi. Nikamwambia kila kitu, pamoja na saini niliyoidanganyia. Nikamsikia akifungua kalenda yake. Halafu akaniambia kwamba wiki nyingine iliyo wazi ni ya mvua, na njia nyingine hatuwezi kuikagua kwa muda uliobaki. Nikamwomba atuondoe. Raundi ikaenda Zambia.

Kikao cha chama kilichofuata sikukimaliza. Mwenyekiti alisema tumejitoa wenyewe kwenye ramani. Mwingine akasema, "Msomi wetu alituletea mashindano kwa mkono wa kulia, ameyarudisha kwa mkono wa kushoto," na watu wakacheka, nami nikainuka nikatoka. Miaka imepita, na Songea haijapewa raundi hadi mwaka huu, mikononi mwako.

Nitakuambia kinachonisumbua mpaka leo. Sina namna ya kuthibitisha kwamba mtu angekufa. Pengine yule mama angekuwa shambani, pengine polisi wangeifunga barabara vizuri. Wanaonilaumu wanaweza kuwa na haki, na mimi mwenye shahada ya takwimu siwezi kuwaonyesha kitu ambacho hakikutokea. Nimejifunza kuishi nalo, lakini sijalizoea.

Sasa nimeiona rasimu yako. Umechagua wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, kabla ya salfa, na umeipaka kijani. Mwezi wa tano ni mwezi wa kuanza kuvuna mahindi, mwanangu. Mimi sijui nani yuko kwenye ile barabara saa moja asubuhi mwezi wa tano, na nina wasiwasi kwamba hata wewe hujui.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kabla hujaituma tarehe, nenda ukasimame kwenye barabara yenyewe, katika saa yenyewe, katika majira yenyewe, usitosheke na mchana kwa sababu mchana ndio unaofikika. Waulize wanaofanya kazi pale, na wakikupa jibu lisilo na namba, lichukue kama kazi ya kwenda kuhesabu, usilichukue kama ujinga wao. Mtu mwenye haki ya kusaini akikataa, karatasi isitoke mezani kwako, hata saa kumi ikipita, hata Zambia wakichukua. Na mimi usiniamini hivi hivi. Nenda ukaone.

Mungu akutangulie njiani, akupe macho ya kuona waliokuwepo kabla yako, na akupe moyo wa kurudi na jibu la kweli hata likiwa si lile uliloliombea. Wenye mashamba pale Nalasi wavune salama, nawe siku moja usimame mstari wa kuanzia Songea, ukiwa umelala usingizi mzuri.