Siku Nilipokandwa na Mama Mkwe

Jamani, waliokuwepo siku ile wengi bado wapo, na wakiisimulia huongeza chumvi, kwa hiyo bora aibu yangu niitangaze mwenyewe. Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa pamba, nimetoka kuchimba dhahabu Geita, nikaenda Mhunze kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Kabula.

Nilimkuta baba yake na kaka zake wanapakia magunia ya pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kiti nilipewa, lakini nikamwona Kabula anachungulia mlangoni, basi nikavua shati (lenyewe la kuazima) nikasema, "Hilo niachieni mimi." Nikainama, nikalikumbatia gunia, nikavuta, na kiuno kikalia kwo!

Heri ningeanguka. Nilibaki nimeinama vilevile, mikono magotini, siendi juu wala chini, na kwa kuona haya kusema nimeumia nikajifanya naamkia watu. Shangazi yake Kabula alikuwa ndiyo anaingia uani.

"Shikamoo shangazi," nikaiambia ardhi.

"Marahaba! Loo, kijana ana adabu huyu! Vijana wa siku hizi hawainami hivi." Akawaita majirani waje waone. Wakaja, nami nikawaamkia mmoja mmoja, jasho linanidondoka puani.

Mara akatoka jikoni Mama Kabula mwenyewe. Sasa kwetu Wasukuma mwanaume na mama mkwe hawatazamani, wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani, nami nikajaribu kupisha, mguu ukagoma, nikaporomoka kifudifudi juu ya pamba nikipiga yowe, "Mayuuu!" (yaani mama, na mama aliyekuwa karibu ni yeye).

Baba mkwe akaniinamia. "Huyu ameumia. Na mwenye kukanda hapa ni mmoja tu."

Kila mtu alijua watu waliletwa kwa Mama Kabula juu ya baiskeli, vifundo vimeteguka, shingo zimekaza, wakarudi kwao kwa miguu yao.

"Ukimshika, hawezi tena kuwa mkwe wako," shangazi akaonya.

Mama Kabula akajibu akiwa amegeukia ukuta, "Bado hajaoa. Leo ni mgonjwa tu. Na nikimwacha hivi, atamuoaje?"

Wakanifunga kitenge, wakanilaza mkekani. Akanifunika kiuno kwa kitambaa cha maji moto, akapaka mikono samli. Nilidhani atapavamia panapouma, lakini hakupagusa. Alianzia nyuma ya magoti akapanda taratibu, vidole kama vinasikiliza, mpaka akafika (nisameheni) kwenye tako, akaweka kidole gumba juu ya kitenge, akakandamiza, akatulia.

"Pumua."

Maumivu yakanipanda mpaka kisogoni, ukoo mzima unatazama, halafu jamani, nikausikia msuli unalegea kidogo kidogo chini ya kidole kile kama samli iliyoanikwa juani, na mgongo mzima ukafunguka, na ile aibu nayo sikujua imekwenda wapi. Nimefanya kazi na wanaume wanaopasua miamba, lakini nguvu kama ile, nguvu isiyo na haraka, sijaiona tena.

Nikalala usingizi. Ukweni, kifua wazi, nakoroma! Nilipoamka jua limegeuka, wazee wamenizunguka wanakula ugali, na shangazi anaiga mkoromo wangu.

Nikasimama. Nimenyooka! Nikageuka kumshukuru Mama Kabula, kumbe keshaingia ndani na kufunga mlango. Mwiko ulikuwa umerudi. Sauti yake tu ikatoka: "Ng'wanone, mwanangu, usikae kitako kutwa. Tembea, lakini polepole."

Kabula nilimwoa, baada ya kutoa mbuzi wa kuusafisha mwiko uliovunjwa. Na nikaapa: ukweni sinyanyui hata kigoda ili nionekane, na nikiumia nasema papo hapo, hata awepo nani. Mama Kabula ameshatangulia mbele za haki. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa, lakini mikono yake, hata leo nikifumba macho ningeitambua kati ya mikono ya dunia nzima.